Udongo Mweusi Chini ya Chumba cha Mama

Katika nyumba ya Mama Ovaroli, kila mvua kubwa iliponyesha, mlango wa chumba cha mama yake uligoma. Haikuwa kule kukwama kidogo kwa mlango wa mbao ulioloa. Uling'ang'ania fremu kama mtoto aliyeshika sketi ya mama yake siku ya kwanza ya shule, mpaka mtu ausukume kwa bega huku aliye ndani akiuvuta kwa mikono miwili. Kiangazi kikifika, mlango uleule ulilegea, ukawa haushiki kitasa, ukishinda unapigapiga kwa upepo.

“Mlango huu unataka rushwa,” binti yake alizoea kusema. “Upe kitu kidogo, Mama, utatulia.”

Wakacheka, naye mwenye nyumba akacheka nao. Siku hizo bado alikuwa na mahali pa kukitoa kicheko.

Alikuwa mshonaji. Mtaani walimwita Mama Ovaroli, kwa sababu hakujishughulisha na magauni ya harusi. Alishona nguo za kazi. Makanika, wapakia mizigo, wafagiaji wa hospitali, wajenzi, wote walivaa mkono wake. Alikuwa akisema gauni la harusi likichanika watu wanacheka, lakini ovaroli ikichanika gotini kuna mtu anaumia. Mumewe alifariki binti yao akiwa bado anatambaa, na kwa miaka mingi waliishi vyumba vya kupanga, cherehani upande huu wa pazia, kitanda upande ule, na vipande vya jinzi mpaka ndani ya sufuria. Siku alipopata kiwanja pembeni ya mji, kwenye uwanda ule mpana wa udongo mweusi, alikaa chini katikati ya majani akalia. Kisha akajishtukia, mtu mzima analia peke yake porini kama aliyefiwa, akaanza kucheka.

Hakuwa na haja ya kutafuta fundi. Mdogo wake wa pekee, tumbo moja, alikuwa mwashi, tena mwashi wa kusifika. Watu walimwita Pimamaji, kwa kuwa tangu ujana wake hakuachana na kile kifaa cha kupimia usawa. Alikibana kwapani jinsi wengine wanavyobana gazeti. Hata akikaribishwa chai, kwanza aliinama kuchungulia kama meza imekaa sawa. Dada yake ndiye aliyembeba mgongoni akiwa mchanga, ndiye aliyemshonea sare ya kwanza ya shule, na ndiye aliyekwenda kumbembeleza fundi mmoja mkali amchukue ajifunze kazi. Kumkabidhi nyumba kulikuwa sawa na kuihamisha kutoka mkono wake wa kulia kwenda wa kushoto.

Pimamaji alipofika kiwanjani mara ya kwanza aliokota bonge la udongo, akalilowesha kwa maji ya chupa, akalifinyanga.

“Dada, udongo huu ni mnafiki,” alisema. “Mvua ikinyesha unavimba kama unga uliotiwa hamira. Jua likiwaka unasinyaa, unapasuka nyufa mpaka mkono unaingia. Ukiweka nyumba juu yake, kila mwaka itapandishwa na kushushwa.”

“Sasa tunafanyaje?”

“Tunautoa. Wote. Tunachimba mpaka tukute ardhi ngumu, tunajaza moramu, tunamwagilia na kushindilia tabaka kwa tabaka. Hapo ndipo tunaanza mawe. Wavivu wanaruka hiyo hatua.”

Alimwamini, na kwa kweli hakuna neno la uongo katika aliyoyasema siku ile.

Moramu ikaletwa kwa malori, udongo mwekundu wenye changarawe, ukamwagwa kando ya kiwanja ukawa vilima. Mama Ovaroli alichota konzi, akaifunga kwenye kitambaa, akaenda kumwonyesha mama yao kama mtu anayeonyesha dhahabu. Wiki ileile mama yao aliteleza bafuni akavunjika nyonga.

Hospitali iliyoweza kumfanyia upasuaji ilikuwa mbali, safari ya mchana kutwa. Ilibidi mmoja aende akae naye.

“Nenda wewe, Dada,” Pimamaji alimwambia. “Muuguze Mama. Mimi nabaki na msingi. Ukirudi utakuta kuta.”

Akaenda. Alilala kwenye mkeka chini ya kitanda cha mgonjwa, akajifunza kumgeuza bila kumuumiza, akamlisha uji kwa kijiko. Jioni alipiga simu. Tumechimba, alisema mdogo wake. Tunajaza. Tunashindilia. Siku nyingine alimtumia picha ya ardhi nyekundu iliyosawazishwa vizuri kama kitanda kilichotandikwa, naye aliizungusha wodini mpaka wauguzi wakachoka nayo. “Mdogo wangu huyo,” alisema. Mama yao, bado amelala chali, aliitikia kwa kichwa, na macho yake yalijaa fahari.

Waliporudi, kuta zilikuwa zimefika usawa wa madirisha. Mama Ovaroli alivua viatu akazunguka nyumba yake pekupeku.

Walihamia. Chumba cha nyuma, chenye dirisha la kuelekea bustanini, akapewa mama yao. Mvua za kwanza zikaja, na ufa wa kwanza nao ukaja, mwembamba kama uzi, kutoka kona ya dirisha la chumba kile. Akampigia mdogo wake, naye akafika siku hiyohiyo na ndoo na mwiko.

“Nyumba mpya lazima ikae, Dada,” alisema akiwa amempa mgongo. “Ni kama mtu aliyehamia kitanda kipya. Atageukageuka kwanza.”

Akaziba, akapaka rangi, akakataa hata kukaa kula mpaka ukuta uwe safi. Mvua zilizofuata ufa ukarudi na wenzake. Mmoja ulishuka kwa ngazi, tofali hadi tofali, kutoka dirishani mpaka sakafuni, na kidole cha binti yake kikaingia. Sakafu ikavimba katikati, mpaka chungwa likiwekwa pale lilijiviringishia lenyewe kwenda mlangoni. Kila mara Pimamaji alikuja. Wala hakusubiri kuitwa mara mbili. Dada yake alimsifu kwa wateja wake: ni mafundi wangapi wanaorudi kuangalia kazi yao baada ya kushika chao? Wengine ukiwapigia wanakuambia wako msibani. Huyu wangu anakuja anakimbia.

Mama yao alihamishia kitanda ukuta wa pili. Alisema upande ule una baridi.

Mambo yangeendelea hivyo miaka na miaka kama si ujenzi wa zahanati. Upande wa pili wa uwanda uleule, juu ya udongo uleule mweusi, serikali ya mtaa ilianza kujenga zahanati, na Mama Ovaroli akapewa kazi ya kuwashonea wajenzi nguo. Alikwenda kuwapima. Aliwapanga mstari ukingoni mwa shimo la msingi, futi kamba shingoni, pini mdomoni, na alipoinama kupima mguu wa kijana mmoja akatazama chini. Shimo lilikuwa refu kuliko mtu. Kuta zake zilikuwa nyeusi tii, na chini kabisa ndiko kulikokuwa na ardhi ya rangi ya kijivu, ngumu, sururu zikigonga zinalia.

Mhandisi wa pale alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kukwaruza kwa kupiga kelele kutwa juu ya mashine. Mama Ovaroli alitoa pini mdomoni.

“Mbona mmechimba sana hivi, na jengo lenyewe halina ghorofa?”

“Ni huu mweusi,” mhandisi alisema. “Lazima tuupite. Tukijenga juu yake, milango itakwama masika, nyufa zitapanda kwa ngazi kutoka kwenye madirisha, sakafu itaota kibyongo. Wagonjwa watadhani tumewawekea mlima.”

Watu walicheka. Mama Ovaroli hakucheka. Alihisi kama kuna mtu amemwelezea nyumba yake akiwa ameingia ndani na kuikagua chumba kwa chumba.

“Na kama mtu aliutoa wote, akajaza moramu na kuishindilia?”

“Basi hayo hayampati. Labda vijiufa vya hapa na pale.” Mhandisi akamtazama. “Kwani ya kwako inafanyaje?”

Akamweleza. Mhandisi alisikiliza bila kumkatiza, akipangusa mikono kwenye suruali ingawa ilikuwa safi.

“Aliyekujengea nani?”

“Mdogo wangu.”

“Sitaki kumsemea mtu vibaya kazi ambayo sijaiona. Chimba shimo dogo kwenye kona, pembeni ya msingi. Utaona mwenyewe kilichopo chini.”

Njiani kurudi akampigia simu Pimamaji. “Mdogo wangu, ile moramu yangu, iliingia yote kwenye msingi?”

“Yote, Dada. Yote. Kwani vipi?”

Jibu lilitoka haraka mno. Alishona nguo maisha yake yote. Alijua mtu anayevuta pumzi ili kiuno kionekane chembamba.

Kesho yake binti yake alipokwenda chuoni, alichukua jembe akaenda nyuma ya nyumba, kwenye kona ya chumba cha mama yake. Juu palikuwa pekundu. Moyo ukamtulia kidogo. Akapiga tena, na wekundu ukaisha. Ulikuwa umetandazwa kama shuka, unene wa kiganja, na chini yake kulikuwa kweusi, kumelowa, kunanata kwenye jembe kwa namna iliyombidi akukwangue kwa mkono. Aliendelea. Alichimba mpaka akafika chini ya mawe ya msingi, akalala kifudifudi, akapitisha mkono chini ya jiwe la mwisho. Akachota. Ulikuwa mweusi.

“Unatafuta nini hapo?” Mama yake alikuwa amesimama dirishani, ameegemea fimbo yake.

“Natafuta moramu yangu, Mama.”

Bibi yule hakuuliza moramu gani, wala kwa nini itafutwe kwa kulala chini.

“Fukia, mwanangu,” alisema. “Mvua inakuja.”

Hakufukia. Alinawa, akabadili kanga, akaenda kwa mdogo wake.

Nyumba ya Pimamaji ilikuwa mtaa wa pili kwenye uwanda uleule. Aliijenga mwaka uleule ambao wao walikuwa hospitalini, akamwingiza humo mkewe, na kila mgeni aliisifu. Mama Ovaroli aliwahi kukaa kwenye sebule ile mara nyingi bila kuitazama. Sasa aliitazama. Sakafu imenyooka kama maji bakulini. Kwenye kona za madirisha, ambako kwake nyufa zilianzia, hapakuwa na hata mchirizi. Wifi yake alikwenda jikoni, akausukuma mlango kwa kidole kimoja, ukajifunga taratibu.

Pimamaji alitoka chumbani anatabasamu. Kisha akaona mikono ya dada yake. Alikuwa amenawa, lakini ule weusi ulikuwa bado umekaa chini ya kucha.

“Moramu yangu ilikwenda wapi?” dada yake aliuliza.

Pimamaji alitazama miguu yake mwenyewe, halafu miguu ya dada yake.

“Unaikanyaga,” alisema.

Alikaa chini, akaeleza, na alipoanza hakuweza kunyamaza. Alikuwa amechimba msingi wake mwenyewe wakati uleule, akiwa na ahadi na wakwe zake kwamba binti yao ataingia nyumba kamili. Mashimo yake yalikuwa wazi, mawingu yakaanza kukusanyika, na mwenye malori aliyemwahidi moramu akamwangusha. Vilima vya dada yake vilikuwa pale, na dada yake alikuwa mbali. Alichukua akijua atarudisha kabla hajagundulika. Alichukua tena. Mwenye malori hakurudi, mvua ikaingia, na kila jioni dada yake akapiga simu kuuliza msingi umefika wapi.

“Nikarudisha ule mweusi,” alisema. “Nikatandaza nyekundu iliyobaki juu. Kwa ajili ya picha. Nilijidanganya kwamba pengine utatulia.”

“Wewe ndiye uliyeniambia udongo ule ni mnafiki.”

“Ndiyo, Dada.”

“Nilikuwa nimelala chini ya kitanda cha mama yako, nageuza mgongo wake usioze, ndiyo saa uliyokuwa unapakia moramu yangu.”

Pimamaji alianza kulia. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi za kwanza, lakini alilia vilevile alivyolia utotoni, amefunika uso kwa viwiko, na mkono wa dada yake ukataka kunyanyuka kwa mazoea. Akaukalia.

“Nilitaka kukuambia,” alisema mdogo wake. “Nilikuja mvua za kwanza, baada ya ule ufa. Hukuwepo, ulikuwa sokoni. Nikamwambia Mama. Mama akasema nisikuambie.”

Wifi yake alitokea na sinia la vikombe, akawatazama, akarudi nalo jikoni.

Mama Ovaroli alikwenda kwa miguu hadi nyumbani. Hakukumbuka baadaye alipita njia gani. Alijua tu kwamba hasira aliyoondoka nayo kwa mdogo wake ilikuwa nyepesi, kitu cha kubeba, na kwamba ile aliyokuwa akiipeleka nyumbani ilikuwa inamlemea. Mama yake alikuwa ameketi kitandani, mikono ameipakata mapajani. Alikuwa anamsubiri.

“Ulijua,” Mama Ovaroli alisema.

“Nilijua.”

“Masika yote haya mimi nausukuma mlango kwa bega, wewe unauvuta kutoka ndani, na unajua.”

“Ndiyo, mwanangu.”

“Ukanisikiliza namsifia kwa wateja.”

Mama aliinamisha kichwa. “Alikuja akalia pale ulipo. Alisema atakusanya nguvu, ataitengeneza taratibu bila wewe kujua. Nikaona ni bora hivyo. Ningekuambia ungemkata. Wewe ukikata hukati nusu, nakujua. Na mimi nina wawili tu.”

“Ukaona heri ukuta uniangukie.”

“Nililala mimi kwenye chumba hiki. Sikukubali mtoto wako alale humu. Nilisema kama ni kuanguka, utaniangukia mimi.”

Hilo lilikuwa kweli. Mama Ovaroli alikumbuka jinsi mama yake alivyokataa katakata kubadilishana chumba na mjukuu wake, wakadhani ni ukaidi wa uzee. Lakini halikumpoza. Kwa miaka alidhani ana mama na mdogo. Kumbe wao walikuwa wawili na yeye alikuwa wa kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa.

“Una wawili,” alisema. “Na mimi katika hao ni wa ngapi?”

Labda jibu lingekuja kama angesubiri. Hakusubiri.

Mhandisi wa zahanati alikuja kuiangalia nyumba baada ya kazi. Alizunguka, akagonga kuta, akashuka kwenye lile shimo la kona. Sehemu ya mbele, alisema, inaweza kuokolewa: wachimbe chini ya msingi kipande kwa kipande, wasiache upande mrefu ukining'inia, wajaze zege mpaka ardhi ngumu, na maji ya paa yapelekwe mbali kwa mfereji. Sehemu ya nyuma ivunjwe. Wajenzi wake walikubali kuifanya siku zao za mapumziko, na Mama Ovaroli akawalipa kwa alichokuwa nacho: aliwashonea wao na watoto wao, na mapazia yote ya zahanati, mpaka miguu ikamvimba kwa kukanyaga cherehani.

Siku ya kuanza kuchimba Pimamaji alifika. Alikuwa amevaa ovaroli ambayo dada yake alimshonea alipohitimu uashi, imepauka, inambana tumboni, na amebeba sururu. Hakubana chochote kwapani.

“Sitaki kusimamia,” alisema. “Niache nichimbe tu. Nibebe udongo.”

Wajenzi waliacha kazi wakatazama pembeni, kila mmoja akajifanya ana kiatu cha kufunga.

“Ukija kama ndugu, ingia ndani ukae,” dada yake alimwambia. “Shimoni kwangu huingii.”

“Dada, nitaishije na hili?”

“Sijui. Mimi nimeishi juu yake bila kujua, nawe umeishi juu yake ukijua. Wewe ndiye mwenye uzoefu.”

Pimamaji akageuka akaondoka na sururu yake. Dada yake alimtazama mpaka akapinda kona, na aliporudi kwenye cherehani aliharibu kola mbili mfululizo.

Kwa kuwa chumba cha nyuma kilivunjwa, ilibidi mama yao apate pa kulala, na hapakuwa na pengine ila kwa Pimamaji. Mama Ovaroli mwenyewe alimfungia nguo, akamwekea dawa zake na mto wake wa kuegemeza nyonga. Mlangoni bibi alisema, “Ni mpaka chumba kiishe tu.” Mwanawe akaitikia, “Ndiyo, Mama.”

Chumba kikaisha. Msingi wake ulishuka chini kuliko urefu wa mtu. Mama Ovaroli alisimama ukingoni kila siku ya kuujaza, akashuka mwenyewe kukanyaga kila tabaka, na wajenzi walimzoea wakaacha hata kumtania. Masika yakapita bila ufa. Alipaka rangi, akatandika kitanda, akapeleka habari.

Mama yake alijibu kwamba bado kidogo. Mwezi uliofuata alisema wifi yako ananisaidia kuoga, ameshajua namna. Baadaye akasema hewa ya kule imemkubali mgongo, na kwamba yule mdogo wako halali vizuri siku hizi, anahitaji mtu wa kumtazama.

“Na yule binti mkubwa?” mjukuu aliuliza kwa hasira aliposikia. “Yeye hahitaji mtu wa kumtazama?”

“Acha,” mama yake alimwambia.

Alihamishia cherehani zake kwenye chumba kile. Mwanga ulikuwa mzuri asubuhi. Wateja walisifu ukuta ulivyonyooka, wakauliza fundi ni nani, naye akawaelekeza kwa wajenzi wa zahanati. Wengine waliomjua mdogo wake walishangaa. Hakuwaeleza, wala hakumharibia jina. Alisema tu kwamba yule ana kazi nyingi.

Jumapili alikwenda kumwona mama yake. Wifi yake alileta chai, Pimamaji akatoa salamu, akaketi kiti cha mbali karibu na mlango, na wakazungumza kuhusu nyonga ya mama, kuhusu chuo cha binti, kuhusu mvua. Siku moja mama yao alimshika mkono, akaugeuza, akautazama kwenye kucha.

“Zimetakata,” alisema.

“Ndiyo, Mama.”

“Umepona?”

Mama Ovaroli alimtazama mdogo wake, aliyekuwa ametulia kama mtu anayesubiri kuitwa jina lake, kisha akamtazama mama yake.

“Nyumba imepona,” alisema, akainuka kuaga kabla chai haijaisha.